Nyuso Zilizotazama Mwamba

Ujerumani, 3 Juni 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mkubwa Justa, na kwamba mguu umepata nafuu. Mimi nipo, namshukuru Mungu. Huku wanasema joto limeingia, lakini mimi bado navaa lile sweta alilonifumia Mama Mkubwa, na wenzangu kazini wananicheka.

Najua utauliza kwa nini naandika barua wakati Jumapili tumeongea kwenye simu. Ukiongea na mimi unasimama pale dukani ambako mtandao unapatikana, na nusu ya Myamba inakusikiliza. Tena simu yako ni kitochi, haifungui picha. Nikimtumia mwanao Asheri, ukoo mzima utakuwa umeziona kabla ya chai ya saa nne. Hili ni la wewe kwanza.

Unaijua kazi yangu hapa makumbusho. Nasafisha picha za kale, zile zilizopigwa juu ya vipande vya kioo, halafu naziingiza kwenye kompyuta. Wiki iliyopita nilipewa sanduku la afisa mmoja wa jeshi la Mjerumani aliyezunguka na msafara wa askari na wapagazi. Juu ya kifuniko ameandika Pare, na mwaka 1899. Nilifurahi, Baba Mkubwa. Nilifungua nikitabasamu, nikidhani nitaona migomba na milima yetu.

Nina swali moja, na naomba usinikasirikie. Wale wazee saba wa mpungini, pale petu pa matambiko, wapo wote? Sisi wanawake hatukanyagi pale, kwa hiyo najua tu ulichotusimulia kila Krismasi: mafuvu saba ya babu zetu ndani ya vyungu saba chini ya mwamba, na Babu Mbonea aliyewaficha pangoni Mjerumani alipokuja kuwachukua. Wewe ndiye mlinzi wao. Umewahi kuwaona kwa macho yako, mmoja mmoja?

Nijibu tu hilo.

Mwanao,
Lukia

---

Myamba, 27 Juni 2024

Lukia mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika Same, na Yunus wa bodaboda amenipandishia jana ikiwa imelowa upande mmoja, maana ukungu wa mwezi huu hauna adabu. Mguu ni ule ule. Mama yako Mkubwa anasema hilo sweta lilikuwa la kushindia nyumbani, usiende nalo ofisini ukatutia aibu.

Sasa swali lako. Nimelisoma mara mbili nikacheka, mara ya tatu sikucheka. Wapo wote. Saba waliwekwa, saba wapo. Mimi nimekuwa mlinzi tangu baba yangu alipofariki mwaka 1983, miaka arobaini na mmoja sasa, na sijawahi kukosa hata mara moja. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya kupanda na baada ya kuvuna, natoka asubuhi na kibuyu cha dengelua, pombe yetu ya miwa, na mafuta ya kondoo. Mchungaji anajua ninakokwenda, ila akikutana nami njiani anauliza habari za tangawizi, nami namjibu habari za tangawizi. Nikifika nawaamkia kwa majina, kuanzia Babu Kajiru mpaka wa saba. Nawapaka mafuta kisogoni. Nawaeleza nani kazaliwa, nani kafa, nani kafaulu mtihani. Ulipopata hiyo kazi yako niliwaeleza wao kabla ya kuwaeleza watu wa kanisani.

Unauliza kama nimewaona. Nimewaona visogo. Nyuso zao zinatazama mwamba, na mlinzi hazungushi chungu wala hapeleki mkono mbele. Ndivyo baba alivyoniusia, naye aliusiwa hivyo hivyo na babu Mbonea mwenyewe. Mtoto hamkodolei macho babu yake. Ninyi mliosoma mtasema ni ushamba, semeni.

Na huyo Mbonea usimguse. Alifariki nikiwa na miaka sita. Nilikuwa nakaa mapajani pake, ananishika kwa ule mkono wa kushoto uliovunjwa na nyati ujanani ukaungika kombo, kiwiko kikatazama nje. Mkono ule ndio uliowabeba wazee kwenda pangoni. Afisa wako alirudi mikono mitupu. Kama ana mafuvu kwenye sanduku lake, ayatafutie wenyewe kwingine.

Krismasi hii nataka kumkabidhi Asheri ulinzi, maana mguu hauniruhusu tena kuteremka kule. Ukoo wote utapanda kuja huku Myamba. Atasimama mbele ya mpungi aseme: hawa ni babu zetu, nawajua kwa majina. Uombe likizo uje.

Baba yako Mkubwa,
Elirehema

---

Ujerumani, 15 Julai 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nimesoma barua yako nikakaa nayo siku tatu. Nilitaka kukuandikia kwamba nimekosea. Ningefurahi sana kukosea.

Ndani ya bahasha hii kuna picha moja. Tafadhali kaa chini kabla ya kuitazama, na Mama Mkubwa awe karibu.

Ni mafuvu saba yamepangwa juu ya mkeka, nyuso zinatazama kamera. Kwenye kila paji la uso wameandika namba kwa wino. La kwanza kushoto lina bonde juu ya jicho la kulia. Uliwahi kutusimulia kwamba Babu Kajiru alipigwa rungu na wezi wa ng'ombe akapona, akabaki na bonde la kuingia kidole gumba.

Baba Mkubwa, si picha tu. Wao wenyewe wapo hapa. Nilipouliza, walinipeleka ghala la chini, wakanionyesha rafu na boksi lenye namba hizo hizo. Sikuweza kufungua. Nilisimama pale nikasema shikamooni, kwa sauti, na yule mama aliyenipeleka akageuka pembeni akanipa nafasi. Miaka miwili mizima nimekula chakula changu cha mchana ghorofa mbili juu yao.

Makumbusho wako tayari kuwarudisha. Wameandaa fomu ambayo nimeiambatanisha. Wanataka mlinzi wa mpungi mwenyewe athibitishe kwamba mafuvu haya yalitoka kwake na kwamba kwake hayapo. Mwisho wa kupokea ni tarehe 30 Novemba. Bila saini yako yatabaki kwenye rafu, na sijui lini suala hili litafunguliwa tena.

Sijui ni nani walio kwenye vyungu. Labda vyungu vina kitu kingine. Wewe ndiye unayeweza kwenda.

Mwanao,
Lukia

---

Myamba, 8 Agosti 2024

Lukia,

Picha nimeiona. Nimeitazama kwa miwani, kisha nikaitazama kwa kile kioo cha kukuzia nilichokuwa nikifundishia sayansi. Nikamwomba Mama yako Mkubwa anishikie.

Bonde la paji la uso si hati miliki. Enzi zile kila mlima ulikuwa na wezi wa ng'ombe na kila mwizi alikuwa na rungu. Watu wengi walipigwa. Hilo nimejiambia asubuhi, nikajiambia tena mchana, na ninavyokuandikia sasa naona nimeanza kujiambia tena.

Fomu yenu nimeisoma. Wanataka niandike kwamba wazee wangu hawapo. Nimekuambia wapo. Nikitia saini hapo, nimekiri mbele ya Wazungu na mbele ya ukoo kwamba miaka arobaini na mmoja nimekuwa napaka mafuta nisichokijua, na kwamba babu yangu alikuwa mwongo. Nisipotia saini, na kama wewe ndiye mwenye haki, nimemwacha Kajiru kwenye boksi. Umeniweka pabaya, mwanangu. Sikulaumu, ila umeniweka pabaya.

Sasa nina jambo jingine. Picha hii umeikata. Upande wa kulia mkeka unaishia ghafla, na pale pembeni, juu ya ukingo wa kikapu, kuna kipande cha mkono wa mtu. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne. Nikimwona mtoto anafunika daftari kwa kiganja, najua pa kutazama.

Ni kiwiko, Lukia. Kimetazama nje.

Nitumie picha nzima. Na kama kuna nyingine umenificha, zilete zote. Usinilee kama mtoto.

Elirehema

---

Ujerumani, 26 Agosti 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nisamehe. Niliikata kwa mkasi, ofisini, nikilia. Nilijiambia ukiyaona mafuvu utatia saini, na yule mtu asingejulikana kamwe. Nilitaka kukulinda, nikasahau nani alinifundisha kusoma.

Nakutumia tatu, kwa mpangilio wa namba alizoandika mwenyewe afisa.

Ya kwanza ni mpungi wetu. Nimeutambua mwamba kwa ule ufa ninaouona kutoka njia ya kwenda shambani. Vyungu saba vipo chini yake. Lakini tazama vizuri. Nyuso zinatazama nje, Baba Mkubwa. Zinatazama njia. Hii ilipigwa kabla hawajaguswa. Sijui nikuambieje, ila lile agizo la kutazama mwamba halikuwepo bado.

Ya pili ni wanawake na watoto wameketi chini kwenye mstari, kamba moja imepita shingoni kwa wote. Nimewahesabu ishirini na watatu. Kuna mtoto mmoja amefutika kama moshi kwa sababu hakutulia. Kamera za wakati ule zilitaka watu wasitikisike, na mtoto alitikisika. Nilipoisafisha kwa mara ya kwanza nilidhani ni uchafu wa kioo. Nilisugua. Nilikuwa nasugua mtoto.

Ya tatu ni ile niliyoikata. Nimeitengeneza upya nzima. Afisa ameketi kwenye kiti cha kukunja. Wazee saba wapo mkekani. Kulia amesimama kijana ameshika kikapu kitupu, mkono wake wa kushoto uko kombo. Hakuna anayemlazimisha, hakuna bunduki mgongoni mwake. Uso wake hauonekani kwa sababu aligeuza kichwa wakati kamera imefunguliwa. Sijui aligeuka kutazama nini.

Nilikaa nikajiuliza kwa nini babu yetu mwenyewe awabebe mpaka miguuni pa yule mtu. Nina hasira naye, nasema ukweli, halafu nikitazama picha ya pili hasira inakosa pa kukaa.

Niandikie hata mstari mmoja.

Lukia

---

Myamba, 24 Septemba 2024

Mwanangu Lukia,

Ni mimi Mama yako Mkubwa Justa. Mimi si mtu wa barua, utanivumilia. Baba yako Mkubwa hajui kwamba naandika. Nimempa Yunus aipeleke Same na nimemwambia asiseme.

Bahasha yako ilikuja siku ya gulio. Akaifungua hapa mezani, akazipanga zile picha tatu, akakaa. Nikamwekea makande hakula. Ile ya wanawake wenye kamba aliishika muda mrefu, halafu akaweka kidole kwa mwanamke wa tatu. Akasema, huyu ni bibi Nambike, mke wa Mbonea. Nikamwuliza amemjuaje, uso wenyewe hauonekani vizuri. Akasema, tazama anavyokaa, mguu mmoja kaunyoosha, mkono juu ya goti. Na kweli mimi nilipoolewa hapa niliambiwa habari ya ukaaji ule, mabinti wote wa nyumba hii wanakaa hivyo. Wewe pia unakaa hivyo.

Kesho yake akachukua fimbo akateremka mpungini, hakubeba dengelua wala mafuta. Ndipo nilipoogopa. Nikamtuma Asheri amfuate kwa mbali. Asheri anasema alimwona baba yake amepiga magoti mbele ya chungu cha Babu Kajiru, akakitazama muda mrefu sana, mwisho akakizungusha kwa mikono miwili. Akapiga kelele. Asheri akakimbia akamkuta ameanguka kando. Akamrudisha nyumbani kwa kumshika.

Neno alilosema hapa ni moja tu. Alisema, meno yamechongwa. Nikamwuliza meno ya nani. Akasema, paji lake ni laini, halina bonde, na meno ya juu yamechongwa ncha. Watu wetu hawakuchonga meno kamwe, Justa. Kamwe.

Tangu siku hiyo haongei. Siku ya nane leo. Kanisani hakwenda, na mchungaji amekuja hapa akauliza habari za tangawizi akakosa wa kumjibu. Anakaa barazani ameikunja ile fomu yako mkononi. Mimi nimeishi naye miaka hamsini sijawahi kumwona hivi, hata tulipomzika baba yako.

Wewe ndiye uliyeanzisha. Siyo lawama, nasema ilivyo. Wewe ndiye unayeweza kuona yaliyomo kwenye hilo sanduku. Tafuta ni nani hao aliokuwa anawaamkia. Mtu hawezi kufa na swali kama hilo.

Mungu akulinde. Vaa soksi.

Mama yako Mkubwa,
Justa

---

Ujerumani, 10 Oktoba 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Mama Mkubwa ameniandikia. Usimgombeze.

Nimewapata.

Baada ya barua yake nilirudi kwenye sanduku nikatafuta meno. Vioo vingine nilikuwa nimeviruka kwa sababu havikuwa na watu wetu, ndivyo nilivyofikiri, ni wapagazi wa msafara tu. Naona aibu kwa hiyo "tu". Kioo kinachofuata baada ya ile ya mkeka ni hiki ninachokutumia. Wanaume kumi na mmoja wamesimama, minyororo shingoni. Nyuma yao ni miteremko yetu, ile ya upande wa nyika. Pembeni ameandika kwa mkono wake: wapagazi watoro, asubuhi ya hukumu.

Waliamriwa wafunue midomo, Baba Mkubwa. Ili kamera ione meno. Afisa alikuwa anakusanya namna watu wanavyochonga meno, amejaza daftari zima. Siku aliyowaua alitaka kwanza ayapate meno yao. Nilipoliona hilo nilitoka nje nikakaa kwenye bustani ya makumbusho, watu wanapita na watoto wao.

Wote kumi na mmoja wamechonga meno ya juu, ncha. Walitoka mbali, huko bara, hakuandika wapi. Hakuandika jina hata moja. Walikuwa wamebeba mizigo ya watu wengine mpaka milimani kwetu, wakajaribu kurudi kwao.

Kioo kinachofuata baada ya hapo sikutumii. Umeniambia nisikulee, nami nakuambia hicho sikutumii. Yatosha ujue kwamba ni mti, na kwamba msafara uliondoka ukawaacha hapo.

Halafu kuna kingine, cha mwisho. Nacho nakitia humu. Ni wanawake na watoto wanapanda njia ya mlimani, migongo imetugeukia, hakuna kamba. Nimetafuta kwa kioo cha kukuzia. Yule wa tatu yupo.

Mimi nimefika mwisho wa nilivyo navyo. Afisa alipiga picha kila kitu isipokuwa kile babu alichofanya baada ya msafara kuondoka. Hicho unacho wewe, kama kipo. Zimebaki wiki saba.

Mwanao anayekuomba uongee,
Lukia

---

Myamba, 12 Novemba 2024

Lukia mwanangu,

Marahaba, na marahaba zote nilizokunyima.

Fomu nimetia saini. Asheri ameipeleka Same mwenyewe na ameituma kwa njia ya haraka, itakufikia kabla ya barua hii. Lakini nataka ujue nilivyofika hapo, kwa sababu kuna siku nilikuwa tayari kuichoma jikoni.

Nilipouzungusha ule uso, sikuona fuvu. Nimeona mafuvu, sisi tumekua nayo. Niliona mtu nisiyemjua ananitazama, nami nilikuwa nimemweleza mambo yangu yote. Nilimwambia habari ya ugonjwa wa Justa kabla hata Justa hajaambiwa. Nilimwambia siku niliyomwonea wivu ndugu yangu, baba yako, kwa kuwa alipendwa zaidi. Miaka arobaini na mmoja. Nilijiona nimevuliwa nguo mbele ya mgeni. Nikamchukia yule mtu, na nikamchukia Mbonea zaidi.

Barua yako ya wale kumi na mmoja ilipokuja, nilikaa nayo barazani. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo halikuwa na maana kwangu kwa miaka sabini. Nilipokuwa mtoto, babu alikuwa ananichukua kwenda shamba la chini, lile la kupakana na nyika. Kuna kipande pale hakijawahi kulimwa, unakijua, mnaokotea kuni. Kila tulipopita alikuwa anachukua hindi moja la kuchoma, anaweka juu ya jiwe. Mimi nilikuwa mlafi, nikamwuliza kwa nini tunalitupa. Akasema, hatulitupi, ni la wageni. Nikatazama huku na huku, sikuona mgeni. Nikaona amezeeka.

Nimeelewa sasa, Lukia. Aliwatoa waliokufa ili wenye uhai wafunguliwe. Aligeuza kichwa mbele ya kamera kwa sababu alikuwa anatazama kama kamba imeshakatwa. Kama angekataa, Nambike asingepanda ule mlima, na baba yangu asingezaliwa, wala mimi, wala wewe wa kumkasirikia. Kisha msafara ulipoondoka alirudi peke yake na ule mkono mbovu akawashusha wale watu mtini, akawazika. Wakati ulipotimia akafukua vichwa saba, kama tunavyowafanyia wa kwetu, akawaweka kwenye vyungu vilivyobaki vitupu. Akawageuzia uso mwambani. Akatunga mwiko. Wenye akili ya kuuliza walikuwa wamefungwa kamba shingoni si zamani, nani angeuliza? Aliwaficha kweli, kama tunavyosimulia kila Krismasi. Ila aliwaficha wengine.

Sijamsamehe yote. Angemwambia hata mwanawe. Lakini nimeacha kumchukia, maana sijui mimi ningefanya nini, na wewe pia hujui.

Jumamosi iliyopita niliwaita wakubwa wa ukoo. Nilizipanga picha zako mezani, zote, nikawaeleza. Loth aliondoka katikati, akasema nimemtukana babu mbele ya watoto. Atarudi au hatarudi. Shangazi yako Devotha alilia aliposhika ile ya kamba. Mwisho Asheri akauliza: Krismasi nikisimama pale, nitasema nawajua kwa majina, majina yapi? Nikamwambia hutasema hivyo. Utasema, hawa ni wageni wetu, na majina yao hatuyajui.

Kuna waliotaka wale watu watolewe, eti nafasi ni ya wenyewe wanaorudi. Hapo nilipandisha sauti, ya darasani, hujaisikia siku nyingi. Hawahami. Wamesikiliza habari za ukoo huu miaka mia moja na zaidi, wamepakwa mafuta yetu, hawana pengine pa kwenda. Nimemwagiza mama mfinyanzi vyungu kumi na kimoja vipya. Saba ni vya Kajiru na wenzake wakifika. Vinne ni vya wale wanne waliobaki kwenye kile kipande kisicholimwa. Akaniuliza vya nini vingi hivyo, nikamwambia tunapokea watu.

Kwenye fomu yenu kuna mahali wanauliza ni kwa njia gani mafuvu yaliondoka kwetu. Nimeandika: yalitolewa na babu yangu kwa mkono wake mwenyewe, ili watu ishirini na watatu wafunguliwe. Usikubali wayaandike vingine. Usikubali waandike zawadi.

Jana asubuhi niliteremka na Asheri. Safari hii nilibeba dengelua, mafuta, na hindi moja la kuchoma. Tukavizungusha vyungu vyote saba mpaka nyuso zikatazama njia, kama zilivyokuwa kwenye picha. Wa tano ana meno mazuri sana. Kijana, Lukia. Hakufika hata umri wako.

Nikasimama mbele yao. Nilizoea kuanza na shikamooni, nikaona hapana, huyu ni mtoto kwangu. Nikatafuta neno nisilipate, Asheri ananitazama, mguu unauma. Nilikuwa nimewaeleza kila kitu changu, na hakuna mtu wa ukoo huu aliyewahi kuwaambia lile tunalomwambia yeyote anayefika kwetu kwa miguu, kabla hata ya kumwuliza jina.

Nikavua kofia, nikawaambia poleni na safari.

Baba yako Mkubwa,
Elirehema